NDEGE ISIYO NA MKIA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Chake Chake, Pemba)



Kamati yetu imepokea barua kutoka kwa wanafunzi wa klabu ya sayansi ya skuli. Wanaomba sisi tuliokwishatoka tuwachangie fedha ili watengeneze ndege ndogo ya kumchukua mtu mmoja, na ndege wanayoitaka ni ile ya bawa tupu, isiyo na kiwiliwili wala mkia. Sababu waliyoitoa ni fupi na ina akili ndani yake: ndege yenye vitu vichache ni rahisi kuiunda, na iliyo rahisi kuundwa ni nafuu kwa bei. Kwa kuwa nilisomea uhandisi Chuo Kikuu kabla ya kuingia kazi ya serikali, Kamati imenitaka nilieleze jambo hili ili mkutano ukate shauri huku unajua unachokikata. Nitajitahidi kusema kwa lugha ya hapa kwetu, na hesabu nitaitia pale tu ambapo maneno matupu hayatoshi.

Bawa tupu ni kitu gani

Tusidhani kwamba bawa tupu ni kitu kigeni kwetu. Nendeni Kidike wakati wa magharibi mkawatazame popo wanapotoka mitini kwenda kutafuta matunda. Popo huyu wa Pemba, ambaye hapatikani pengine duniani ila katika kisiwa hiki, ana uzito wa nusu kilo hivi, na akikunjua mabawa yake yanapita mita moja na nusu. Mkia hana. Hata hivyo hupaa, hugeuka, na hutua kwenye tawi analolitaka. Mnamo miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, na leo, kwa sababu wanakijiji waliamua kumlinda, wanahesabiwa kwa maelfu. Kwa hiyo mwalimu wa kwanza wa somo hili tunaye, na hatudai mshahara.

Ila popo ana jambo moja ambalo ubao hauna. Bawa lake ni mkono wenye vidole, na kila nukta hulikunja na kulikunjua akijiweka sawa. Bawa la mbao halina akili ya namna hiyo. Akili yote lazima itiwe na mtengenezaji kabla halijaondoka chini.

Pili, bawa tupu lililotengenezwa na watu limekwisharuka juu ya vichwa vyenu. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuipiga picha Zanzibar kutoka angani, Unguja na Pemba, kwa ajili ya ramani. Walioshirikiana ni Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Benki ya Dunia, na vijana wa SUZA walifundishwa kuzirusha hizo ndege wenyewe. Ndege iliyotumika huitwa eBee, ya Uswisi. Ni bawa la povu gumu lililo jepesi, sentimita 96 kutoka ncha hata ncha, uzito wake kiasi cha gramu 700, na nyuma ina propela moja ndogo inayozungushwa kwa nguvu ya betri. Hutupwa kwa mkono, ikaweza kukaa angani hata dakika 50, kisha ikatua kwa tumbo juu ya majani. Magurudumu haina, mkia haina, na viungo vyake vya kuongozea ni vibawa viwili tu vilivyopo ukingo wa nyuma. Vikiinuka vyote viwili pua hupanda. Kimoja kikiinuka na chenziwe kikashuka, ndege hulala upande na kugeuka.

Basi vijana wetu hawakuota. Walichokitaja kipo, na kisiwa hiki kimo ndani ya ramani zilizopigwa kwa chombo hicho.

Mkia una kazi gani

Sasa tuulize swali ambalo barua ya vijana haikuliuliza. Kama mkia si lazima, kwa nini karibu ndege zote tunazozipanda kutoka kiwanja chetu cha Pemba kwenda Unguja na Dar es Salaam zina mkia?

Wenye vyombo vya bahari watanielewa upesi. Nahodha akipakia jahazi hutazama mzigo umekaa wapi. Ukizidi tezi, omo huinuka na chombo hakishiki njia. Ukizidi omo, chombo huchimba mawimbi. Ndiyo maana tunatia farumi, na ndiyo maana farumi haiwekwi popote tu. Ndege nayo ni hivyo hivyo, ila yenyewe haina maji ya kuiegemeza. Ili itulie angani, uzito wake lazima ukae mbele kidogo ya pale nguvu ya kuinua inapokaa. Ukikaa hivyo, pua hutaka kushuka daima. Hapo ndipo mkia unapofanya kazi: huko nyuma unasukuma chini kidogo, na pua inabaki sawa. Kwa kuwa mkia uko mbali, nguvu yake ndogo inatosha, kama vile mtoto mwenye mtaimbo mrefu anavyoweza kuling'oa jiwe ambalo baba yake halitikisi kwa mikono mitupu. Upepo ukiipiga ndege pua ikapanda, mkia huirudisha. Pua ikishuka, mkia huirudisha pia.

Tukiukata mkia, kazi hiyo haifutiki. Inahamia kwenye bawa, na bawa linapaswa kuinua na kujirudisha sawa kwa wakati mmoja. Njia zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza ni kulikunja bawa juu kidogo kwenye ukingo wake wa nyuma, ili ule ukingo ufanye kazi ya mkia. Ya pili ni kuyavuta mabawa nyuma mfano wa ncha ya mshale, na kuzipotoa ncha zake ziinue kidogo kuliko sehemu ya kati; ncha zikiwa nyuma, ndizo zinazokuwa mkia.

Njia zote mbili zina bei yake. Sehemu ya bawa inayofanya kazi ya mkia haisaidii kuinua, pengine inasukuma chini, kwa hiyo bawa lazima liwe kubwa zaidi au ndege iende kasi zaidi. Tena vile vibao ambavyo ndege za kawaida hushusha nyuma ya bawa wakati wa kutua, ili zishuke polepole, bawa tupu haliviwezi vizuri, kwa sababu vikishuka pua nayo hushuka na hapana mkia wa kuizuia. Na mtaimbo ukiwa mfupi, kosa dogo la kuweka uzito linakuwa kosa kubwa.

Kiasi gani? Chukueni bawa la mstatili, mita 1 kutoka ncha hata ncha, na sentimita 25 kutoka ukingo wa mbele hata wa nyuma. Kwa hesabu ya utulivu, nguvu ya kuinua tunaihesabu kwenye robo ya kipimo hicho, yaani sentimita 6 na robo kutoka mbele. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya hapo. Tukiacha akiba ya asilimia 5, ambayo ni sentimita 1 na robo, kitovu kinaangukia sentimita 5 kamili kutoka ukingo wa mbele. Akiba yote tuliyonayo basi ni upungufu wa upana wa kidole kimoja. Betri ikirudishwa nyuma na kitovu kikavuka ile robo, ndege haitulii tena, nayo haitatoa onyo la pili.

Waliotangulia

Walioiendea njia hii kabla yetu ni wengi, nami nitawataja wachache kwa sababu kila mmoja ana somo lake.

Mwanajeshi wa Kiingereza, John William Dunne, alitengeneza ndege isiyo na mkia yenye mabawa yaliyovutwa nyuma. Mwezi Desemba 1910, huko Eastchurch, aliirusha mbele ya mashahidi, mmoja wao akiwa Orville Wright, na angani akaachia viongozeo vyote na kuandika kwenye karatasi kwa mikono yake miwili huku ndege ikienda yenyewe. Utulivu huo haukushuka kutoka mbinguni. Dunne alikuwa amefanya kazi ya miaka kwa vielelezo vidogo kabla ya kumpandisha mtu.

Marekani alikuwako Jack Northrop, aliyeamini bawa tupu maisha yake yote. Tarehe 5 Juni 1948 ndege yake kubwa ya namna hiyo, YB-49, ilianguka katika majaribio huko California, na watu wote watano waliokuwemo wakafa, akiwemo Kapteni Glen Edwards, ambaye kiwanja kile cha majaribio kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Ndege ya bawa tupu iliyokuja kufanikiwa katika jeshi la nchi ile, B-2, iliruka mara ya kwanza mwaka 1989. Inawezekana kuruka kwa sababu kompyuta inavitikisa viongozeo vyake bila kupumzika, kama popo anavyotikisa vidole. Ukihesabu na gharama za utafiti, kila moja iligharimu kiasi cha dola bilioni 2. Umbo lake ni sahili kuliko ndege zote za jeshi lile, na bei yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Lakini nisiwatie hofu tu. Mfaransa Charles Fauvel aliunda glaida, yaani ndege isiyo na injini, aina ya AV.36, iliyoruka mwishoni mwa mwaka 1951. Ilikuwa ya mbao na kitambaa, ya mtu mmoja, yenye bawa la mita 12 hivi, na zaidi ya 100 ziliundwa, nyingi zikiundwa na watu wa kawaida kutokana na michoro yake. Hiyo ndiyo iliyo karibu kabisa na ndege wanayoiomba vijana wetu. Ila tukumbuke kwamba Fauvel alikuwa ameshughulika na ndege zisizo na mkia kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Na wa unafuu kupita wote ni Francis Rogallo na mkewe Gertrude, Wamarekani, ambao mwaka 1948 walibuni bawa la kitambaa laini. La kwanza kabisa walilishona kwa pazia la jikoni na kulirusha kama tiara. Kutokana na bawa hilo yakaja mabawa ya kuning'inia ambayo watu huruka nayo kutoka milimani, na baadaye vikatiwa vigari vyenye injini chini yake. Humo hapana mkia: mtu mwenyewe ndiye farumi, akijisogeza mbele chombo kinashuka, akijisogeza upande kinageuka. Mvuvi wa ngalawa anayekaa juu ya ndubi upande wa upepo ili chombo kisilale anaijua kanuni hii, ingawa hajapata kuisoma kitabuni.

Mtu anapoingia

Sasa nirudi kwenye ombi. Lile bawa letu la mita 1 kwa sentimita 25, tukilitengeneza kwa povu likawa na uzito wa gramu 500, kasi ndogo kabisa linayoweza kukaa nayo hewani ni kiasi cha kilomita 22 kwa saa. Ni kasi ya baiskeli. Likianguka, limevunjika povu. Kesho linagandishwa kwa gundi.

Tulikuze limchukue mtu. Mwenye kuruka, mbao, injini na mafuta, tuseme jumla kilo 220, juu ya bawa la mita za mraba 14. Hesabu ile ile inatoa kiasi cha kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni kasi ya gari ya abiria katika njia ya Wete, na ndiyo kasi ndogo kabisa. Kwenda chini yake ni kuanguka. Kijana atatua kwa kasi hiyo, katika chombo ambacho hakuna aliyepata kukirusha kabla yake, juu ya uwanja wa mpira wenye minazi pande zote. Kiwanja cha ndege tunacho kimoja, na hicho ni cha abiria.

Unafuu nao tuutazame. Mbao za mvule tunazoundia majahazi ni nzito mno kwa kazi hii. Mbao nyepesi, mabomba ya alumini ya ndege, kitambaa chake, gundi yake na injini vyote vitatoka nje. Kisha ndege ya kumchukua mtu haiwezi kuruka bila ya kukaguliwa na kuruhusiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na haki yao, kwa sababu angani hamna pahala pa kusimama ukatengeneza.

Ndugu zangu, hapa Pemba hakuna haja ya kuhubiriwa juu ya uzito kuzidi au kukaa pasipo pake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikija huku kutoka Unguja, ikiwa imepakia kupita uwezo wake, na hamna kijiji kisichokuwa na wa kumkumbuka. Baada ya msiba ule wengi wetu tulisema kwamba kama mtu mmoja tu bandarini angekataa kwa sauti, mambo yangekuwa mengine. Leo ombi limeletwa mbele yetu kabla ya chombo kuondoka. Sioni kwamba tuna ruhusa ya kunyamaza kwa kuogopa kuwavunja moyo vijana.

Ushauri wangu

Wako watakaosema kwamba kukataa ni kuua ubunifu, na kwamba Wazungu wasingeruka wangalisikiliza wazee. Hoja hii naiheshimu. Jawabu langu ni kwamba wote niliowataja walioishi hadi uzee walianza na kidogo. Kwa hiyo nashauri tuchange, na tuchange vizuri, lakini kwa ajili ya kazi yenye hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni bawa lisilo na injini. Liundwe kwa yale maboksi meupe mepesi ya kuwekea samaki na barafu, ambayo tunayatupa kila siku. Wanafunzi walikate kwa vipimo nilivyovitaja, waukunje ukingo wa nyuma juu, watie misumari mbele kuwa farumi, kisha walirushe kwa mkono na kuandika daftarini kila kinachotokea wanaposogeza uzito kwa nusu sentimita. Darasa zima litaweza kushiriki, na gharama yake haifiki bei ya mpira mmoja. Hesabu ya mizani na nguvu, ambayo wengi wetu tuliikariri bila kuielewa, wataiona kwa macho.

Hatua ya pili ni kulitia bawa hilo mota ya betri na vibawa viwili vya kuongozea, lirushwe kwa rimoti. Hapa ndipo fedha zitakapohitajika, kwani mota, betri na mitambo yake ni vya kununua. Kibali cha TCAA kiombwe kwanza, na kazi iongozwe na mwalimu pamoja na mmoja wa vijana wetu waliofundishwa SUZA.

Hatua ya tatu ni kulipa bawa kazi. Kule Kisiwa Panza bahari imeingia katika mashamba ya watu, na hali hii ya maji ya chumvi kuingia kwenye mabonde ya mpunga ipo katika sehemu nyingi za pwani yetu. Picha zile za mradi wa ramani zimekuwa kumbukumbu ya siku zilipopigwa. Bawa la skuli lenye kamera ndogo likipiga picha pwani ile ile mara moja kila mwaka, masheha na maofisa wa kilimo watakuwa na ushahidi wa maji yamefika wapi. Mimi ninayekaa ofisini na kusoma maombi ya wananchi nawaambia kwamba ombi lenye picha mbili, ya mwaka jana na ya mwaka huu, halisomwi sawa na ombi lenye maneno tu.

Na yule kijana ambaye, baada ya hatua zote tatu, bado moyo wake uko kwenye ndege ya kumchukua mtu, huyo ndiye tumtafutie ada. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinasomesha ufundi wa ndege. Akirudi na cheti chake akatuletea ombi hili hili, nitakuwa wa kwanza kumchangia.

Ndugu Mwenyekiti, naomba basi mkutano ukate shauri juu ya mambo mawili. La kwanza, kwamba ombi la ndege ya kumchukua mtu lisikubaliwe kwa sasa, na wanafunzi wajibiwe kwa barua yenye sababu na hesabu, wala wasijibiwe kwa kunyamaziwa. La pili, kwamba uchangiaji wa karakana ya mabawa madogo uanze leo hii kabla hatujatawanyika, na mhazini akae pale mlangoni na daftari lake. Jina langu liwe la kwanza.